Neno "Cement" na Saruji ya Wazo: Juu ya Kamusi na Mwanafunzi wa Kiingereza

Kamusi za kwanza za Kiingereza na Kiswahili zilitungwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kulijua neno la Kiingereza. Madan katika mwaka 1894, na Johnson katika kamusi ya mwaka 1939 iliyojengwa juu ya kazi ya Madan, walimfikiria hasa mgeni: mmisionari, bwana shauri, mwalimu Mzungu. Mtu huyo aliyafahamu matumizi yote ya neno la kwao. Alichotafuta ni la kuwaambia wenyeji. Orodha ya visawe ilimtosha.

Anayefungua kamusi leo ni mwingine kabisa. Ni mwanafunzi wa Tegeta au Bunju, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ambaye sasa, katika sekondari, yampasa kujibu mitihani kwa Kiingereza. Kisawe anakijua, neno lenyewe la Kiingereza ndilo asilolijua. Orodha ile ile iliyomtosha Mzungu humpotosha yeye. Kamusi ya Taasisi ya mwaka 1996 ilitungwa na wenyeji wa Kiswahili wenyewe, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini desturi ya neno moja kwa neno moja ingali inatawala madaftari ya shule.

Litazamwe neno "cement", nalo litazamwe Wazo, mahali ambapo haidhaniwi kuwa laweza kumtatiza mtu. Tangu mwaka 1966 kiwanda cha kilimani hapo kimekuwa kikisaga na kuchoma mawe ya chokaa, na mtoto wa huko ameyajua malori ya saruji kabla ya kujua kusoma. Akiambiwa kwamba "cement" ni saruji, huridhika mara moja, asitafute zaidi. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa neno analodhani kuwa jepesi halimpi sababu ya kuuliza.

Saruji ni jina la kitu. Neno lenyewe ni la asili ya Kiajemi, tena limeitangulia saruji ya viwandani, ambayo Aspdin wa Leeds aliipatia hataza mwaka 1824 na kuiita kwa jina la jiwe la Portland. Huko Oman neno hilo lataja udongo uliochomwa na kuchanganywa na chokaa, uliojengea mifereji na ngome. Neno la Kiingereza limepita njia nyingine. Kwa Kilatini lilikuwa mawe yaliyovunjwavunjwa. Kwa Kiingereza limekuja kushika maana ya kitu chochote kinachoshikanisha vingine. Kiini chake si unga, ni kule kushikana. Ndiyo maana Mwingereza hulifanya kitenzi bila taabu, akasema kwamba mkataba ume-"cement" urafiki wa nchi mbili. Kiswahili hakiwezi kunyambua kitenzi cha namna hiyo katika saruji. Husema kuimarisha, kuunganisha, kugandisha, kila kimoja mahali pake.

Madhara yake huonekana wazi katika somo la Jiografia. Kitabu cheleza jinsi chembe za mchanga zinavyokuwa jiwe: maji huleta madini, madini hujaza nafasi kati ya chembe, chembe zikawa "cemented". Mwanafunzi mwenye kisawe kimoja hana budi kufahamu kwamba ndani ya jiwe la kale sana imo saruji ya mfukoni. Si mjinga hata kidogo. Amefuata kamusi kwa uaminifu.

Matumizi ya hesabu nayo yana mtego. Katika duka la vifaa vya ujenzi mteja huomba "saruji kumi", na muuzaji humtolea mifuko kumi bila kuuliza. Mwanafunzi akihamisha usemi huo, huandika "ten cements", na Kiingereza hukataa. Hapo chataka mifuko itajwe. Hakuna kisawe kinachoweza kumfunza jambo hili. Sentensi moja fupi chini ya neno ingetosha.

Ajabu ni kwamba mafundi wa Wazo hawachanganyi mambo haya katika lugha yao. Saruji ni unga. Ikichanganywa na mchanga, kokoto na maji huwa zege. Ikipakwa ukutani pamoja na mchanga huwa lipu. Tofauti ya "cement" na "concrete" tayari wanayo, na pengine huishika vizuri kuliko Waingereza wa kawaida, ambao sakafu ya zege huiita "cement" bila kujali. Mwalimu angeanzia kwenye zege, neno la Kiingereza lingepata mpaka wake siku hiyo hiyo. Badala yake mwanafunzi huanzishwa kwenye orodha, kana kwamba hakuletwa na lugha yoyote darasani.

Neno "lime", jirani wa hili, ni gumu zaidi: ni chokaa na ni ndimu, na tahajia haitofautishi. Katika upande wa pili yupo niru, rojo la saruji ambalo fundi hulisawazisha juu ya sakafu kwa mwiko mpaka ing'ae. Mtunga kamusi akifika hapo hana neno moja la Kiingereza la kuliweka mbele yake. Atalazimika kueleza kwa sentensi nzima.