Ufundi wa Mkisiaji

Mei 2004 Radio Rwanda ilianza kurusha mchezo wa mfululizo uitwao Musekeweya. Vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinatazamana, na baina yao kuna bonde lenye rutuba. Bonde limeangukia mikononi mwa Bumanzi. Muhumuro wamebaki na ukame na kinyongo, na kiongozi wao, Rutanagira, anajua kukichochea kinyongo hicho mpaka kiwake. Dada yake, Batamuriza, anampenda Shema, kijana wa Bumanzi. Msikilizaji hupewa sehemu moja kwa wiki, kisha redio inaendelea na mambo mengine na yeye anaachwa na maswali yake.

Siku zile za kungoja ndizo ninazotaka kuzisifu, pamoja na watu wanaojua kuzitumia. Tumezoea kumsifu mtunzi, na anastahili. Tumezoea hata kumsifu mwigizaji kwa sauti yake. Lakini yuko mtu wa tatu ambaye hatumtaji, naye ni yule msikilizaji au msomaji anayekaa na kisa kilichokatizwa, akakipekua, akapima maneno ya kila mhusika, kisha akasema mbele ya watu: mimi naona itakuwa hivi, na sababu zangu ni hizi. Huyo ana ufundi wake, na ufundi huo hujifunzwa.

Cyangugu, nchini Rwanda, ni mahali pazuri pa kuusikia. Mji umekaa kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, pale Mto Rusizi unapoanza safari yake kuelekea Tanganyika, na ng'ambo ya maji ni Bukavu. Asubuhi wanawake huteremka kutoka Kamembe na mabeseni ya nyanya na mboga, wakavuka daraja kwenda sokoni upande wa Kongo. Katika foleni ya mpakani utasikia Kinyarwanda, Kimashi na Kiswahili vikipokezana ndani ya sentensi moja. Mchezo wa redio, ikinamico kama wanavyouita huku, ni mazungumzo yanayofaa foleni. Aliyesikiliza humsimulia mwenzake ambaye Kinyarwanda chake ni cha kuombea maji, na kumsimulia mtu kisa ambacho hakijaisha maana yake ni kuulizwa kitaishaje.

Mabishano yenyewe huenda hivi. Mmoja atasema Batamuriza atatoroka, ataenda kwa Shema, mapenzi yamekwisha kumteka. Mwenzake atakataa. "Haondoki yule, dada. Akiondoka, nani atabaki kuyasikia anayoyapanga kaka yake? Mwenye kuandika amemweka katika ukoo ule makusudi." Tazama mwanamke huyu alichofanya. Hajauliza Batamuriza anataka nini. Ameuliza kisa kinamhitaji Batamuriza akae wapi. Ameacha kumwangalia mhusika akaanza kuuangalia mkono wa mtunzi, na hapo ndipo mkisiaji mzuri anapoachana na mtu anayetamani tu mambo yaishe vyema. Anaweza kukosea, lakini makisio yake yana mguu wa kusimamia.

Wasomaji wa Kiswahili wana shule ya zamani ya jambo hili. Shaaban Robert alipotoa Adili na Nduguze mwaka 1952, alimwekea msomaji fumbo moja kubwa: Adili, gavana mwema wa Mfalme Rai, kila usiku huwachapa manyani wawili viboko, huku yeye mwenyewe akilia. Mjumbe wa mfalme, Ikibali, anachungulia na kuona. Kwa nini mtu mwema awatese wanyama? Na kama anapenda kuwatesa, machozi ni ya nini? Msomaji makini hashindwi kushika kwamba anayechapa akilia anatii amri ya mtu mwingine, na kweli ipo amri, ya Huria, binti wa kijini. Kuna ushahidi mwingine, tena umewekwa mahali ambapo wengi hupapita bila kusimama: jalada. Kitabu kinasema Adili na nduguze. Basi nduguze wako wapi? Humo nyumbani hatuoneshwi kaka wala mdogo, tunaoneshwa manyani wawili. Anayeliona hilo kabla Adili hajafungua kinywa mbele ya mfalme amepata furaha ambayo haiwezi kununuliwa, na hajaibiwa chochote, kwa sababu bado ana kiu ya kujua ni kosa gani lililowageuza ndugu kuwa manyani.

Katika mchezo wa vitendawili, anayetega ana jibu mfukoni. Ukishindwa unampa mji, naye anakufumbulia, mambo yamekwisha. Kisa cha mfululizo ni kigumu zaidi, kwa kuwa huenda mwenye kutega mwenyewe bado anatafuta njia. George R. R. Martin, Mmarekani aliyeandika mfululizo wa falme saba na majoka, amesema wazi kwamba yeye huandika kama mtunza bustani: anapanda, kisha anaangalia kinachoota. Kitabu chake cha kwanza, A Game of Thrones, kilitoka mwaka 1996. Cha tano kilitoka 2011, na cha sita wasomaji bado wanakisubiri. Katika ngojangoja hiyo yametokea makisio ya kila namna, mengine ya ovyo kabisa. Moja nalihesabu kuwa kazi ya ustadi, nalo linahusu Jon Snow, kijana anayelelewa kama mwana wa haramu wa Bwana Eddard Stark. Mama yake ni nani?

Wasomaji hawakukimbilia sura wala rangi ya nywele. Walirudi kwenye ndoto moja ya Eddard, ndoto ya homa, ambamo anakumbuka mnara ambako dada yake, Lyanna, alikuwa akifa. Mnara ule ulilindwa na wapiganaji watatu wa kikosi cha walinzi wa mfalme, watu walioapa kuilinda damu ya kifalme mpaka kufa. Wakati huo mfalme ameshauawa, na mwanamfalme Rhaegar ameshaanguka vitani. Walinzi bora wa ufalme wanafanya nini kwenye mnara wa mbali, na kwa nini wanakubali kufa mlangoni pake? Msomaji aliyeuliza swali hilo alikuwa na jibu mkononi: ndani ya mnara kuna mtu ambaye kiapo chao kinawafunga kwake. Eddard anakumbuka kitanda chenye damu na ahadi aliyompa dada yake. Akaondoka pale na siri. Jon ni mwana wa Lyanna na Rhaegar.

Inasimuliwa kwamba Martin alipokutana na watu wawili waliotaka kukigeuza kisa chake kuwa tamthilia ya televisheni, aliwauliza swali hilohilo, mama yake Jon ni nani, na jibu lao lilimridhisha. Tamthilia ililithibitisha mwaka 2016, miaka 20 baada ya kitabu cha kwanza. Vitabu vyenyewe bado havijatamka. Mimi nawaheshimu sana wale waliolifikia mapema, wakiwa na kitabu kimoja au viwili tu, kwa sababu walikuwa tayari kusoma ndoto ya homa kwa umakini uleule wanaosomea mapatano ya kifalme.

Nimesema yapo makisio ya ovyo, na ni haki kuyataja. Mkisiaji wa ovyo ana jibu kwanza, kisha anawinda ushahidi. Sentensi inayompinga huiita kosa la mtunzi. Akiulizwa swali hukasirika. Ubaya wa tabia hii si mdogo, hasa nikiusemea Cyangugu. Katika mji huu, Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi waliotafuta hifadhi walizuiliwa katika uwanja wa Kamarampaka, na watu walitolewa humo wakauawa. Redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ilikuwa imeshawapa wasikilizaji wake hitimisho lililopikwa tayari: adui ni nani, amefanya nini, atendewe nini. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza, "Umejuaje?" Sidai kwamba mchezo wa redio unatibu jeraha la namna hiyo. Nasema tu kwamba waliouandaa Musekeweya, shirika la Radio La Benevolencija, walitumia chombo kilekile kwa namna iliyo kinyume. Hawakutaja Mhutu wala Mtutsi. Walimleta Rutanagira, wakamwacha aseme maneno matamu, wakamwachia msikilizaji kazi ya kutambua maneno hayo yanaelekea wapi.

Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck, kutoka Marekani, aliufuatilia mwaka wa kwanza wa mchezo huo, na matokeo yake yalichapishwa 2009. Vikundi vya wasikilizaji vilikutana kila mwezi kusikiliza. Vingine vilipewa Musekeweya, vingine mchezo mwingine wa redio unaohusu afya. Aligundua kwamba imani za watu za ndani hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona inafaa kuenenda, pamoja na utayari wa kusema wazi wasipokubaliana na wenzao. Jaribio ninalolipenda lilikuja mwishoni, wakati kila kikundi kilipopewa redio na kanda za mchezo, kikaachiwa kiamue nani atavitunza. Waliosikiliza mchezo wa afya wengi walipendekeza haraka kiongozi wa eneo avichukue, na wenzao wakakubali. Katika vikundi vya Musekeweya, mtu alipotoa pendekezo hilo, mwingine alisimama akalipinga, wakaanza kujadiliana, mwishowe wakakubaliana kuvitunza wenyewe, kwa pamoja.