Kiganja Kwenye Sementi

Mzazi wa mwisho alipoketi, mwalimu wa skauti hakugawa orodha ya vifaa. Alituomba tuiname, kila mmoja aweke kiganja kimoja kwenye sakafu ya sementi na kingine juu ya gunia lililojazwa mabua ya mpunga, tutulie hivyo mpaka atuambie. Tulikuwa wazazi zaidi ya 20 katika darasa moja la Shinyanga mjini, na bibi mmoja aliyekuja kwa niaba ya mjukuu wake, ambaye wazazi wake wako machimboni Geita. Baada ya dakika chache kiganja cha sementi kilikuwa kimeanza kupoa, na cha gunia kimejipatia joto lake.

"Basi," akasema mwalimu, "mmeshalala kambini."

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wazazi, na mingi nimesahau ilihusu nini. Huu sijausahau. Yule bwana amelea skauti miaka mingi, na kazi yake kubwa, aifanyayo kwa ustadi wa ajabu, si kufunga mafundo wala kusimamisha hema. Ni kuiandaa familia wiki tatu kabla mtoto hajaondoka, ili baridi isimkute yeyote hajui la kufanya.

Mgeni akishuka kwenye basi saa nane mchana, mwezi wa Julai, akasikia tunazungumzia sweta, atatushangaa. Lakini Shinyanga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe mawingu hayapo. Ardhi iliyookwa mchana kutwa huachia joto lake lote angani usiku, upepo nao unapita mbugani bila kizuizi. Alfajiri kipimo kinaweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kwa mtu aliye ndani ya nyumba ya tofali, hiyo si habari. Kwa mtoto wa miaka 12 aliyelala chini, na fulana iliyolowa jasho la mchezo wa jioni, ni usiku mrefu sana.

Hapo ndipo mwalimu alipotugusa penyewe. Sisi ni watu wa pamba. Imetulisha na kutusomesha. Akainua fulana ya pamba aliyoichovya majini asubuhi, ikiwa bado mbichi, akaipitisha mkono kwa mkono. Kisha akapitisha sweta la sufu la mitumba, nalo limechovywa saa ile ile na kukamuliwa. Hakusema kitu. Mama aliyekuwa pembeni yangu alilishika lile sweta mara mbili, akaniangalia. Pamba hunywa jasho na kulishikilia mwilini. Sufu hata ikipata unyevu bado inamkinga mvaaji. Kesho yake sokoni, kwenye marundo ya mitumba, niliwakuta wazazi watatu niliowatambua, wanapekua masweta.

Bibi aliuliza swali ambalo wengi tulikuwa tunalimeza. "Mwanangu, hayo mabegi ya kulalia ya dukani sisi tutayatoa wapi?"

"Bibi, una mablanketi mangapi nyumbani?"

"Mawili."

"Na shazia unayo?"

Akacheka. Nani Usukumani hana shazia ya kushonea magunia? Mwalimu akakunja blanketi mbele yetu, akaonyesha pa kupitisha uzi upande mmoja na miguuni, mtoto aingie kama kwenye mfuko. Blanketi la pili likae chini yake, juu ya gunia la mabua. Watu wengi hurundika nguo juu ya mtoto na kuuacha mgongo wake kwenye ardhi, na ardhi haishibi joto la mtu. Ndiyo sababu alitaka tuliguse jambo lenyewe kwa viganja kabla ya kulisikia kwa masikio.

Mambo mengine aliyapitia haraka. Chakula cha njiani kiwe matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga, maana havichachi na mtoto anavijua. Chandarua kifungwe hata kama baridi inauma, na mtoto asilale ameegemea wavu, kwa kuwa mbu humng'ata papo hapo. Jiko la mkaa lisiingie hemani kwa hali yoyote, hata likionekana limekaribia kuzimika. Moshi hauonekani lakini hewa yake inaua waliolala. Hili alilisema mara mbili, akamtaka kila mzazi alirudie kwa sauti.

Kambi ilikuwa upande wa Geita, kwa hiyo akaongeza jambo ambalo kiongozi wa mikoa mingine asingelifikiria. Huko kuna maduara, yaani mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo, mengine yamefunikwa na nyasi, na kuna mialo ambako dhahabu huoshwa na kukamatwa kwa zebaki. Mtoto asitoke usiku kwenda haja peke yake. Maji ya kijito asiyanywe wala kuyaogea, hata yakiwa meupe kiasi gani. Kuchemsha hakuondoi zebaki.

Ustadi wake mwingine sikuuona darasani. Mkutano ulipokwisha alisimama chini ya mti nje, akamwita kila mzazi kivyake, kwa sauti ya chini. Mtoto ana pumu? Anakojoa kitandani? Ana selimundu? Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na baridi pamoja na upungufu wa maji mwilini ni mambo mawili yanayoweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Mzazi mmoja alikaa naye pale muda mrefu. Sikujua walichozungumza, na sikupaswa kujua. Nilichoona ni mwalimu akiandika kwenye daftari dogo, akilifunga, akilirudisha mfukoni mwa shati.

Kisha kazi ya nyumbani: usiku mmoja mtoto alale uani, na vifaa vile vile, na begi alifunge mwenyewe. Mama asiguse. Kwetu hilo lilikuwa gumu kuliko baridi yenyewe. Mwanangu aliamka saa tisa usiku akitetemeka kwa sababu soksi kavu alizitia chini kabisa, chini ya sahani na sufuria. Usiku wa pili, aliouomba mwenyewe, soksi zilikuwa juu, na alizivaa kabla hajaanza kusikia baridi.

Siku ya safari tulikutana shuleni kabla ya jua. Bibi alikuwepo, mikono ndani ya kanga. Mwalimu alipita kwa kila mtoto, akamwambia afumbe macho. Alipofika kwa yule mjukuu, blanketi lililoshonwa kwa uzi wa katani likichungulia kwenye begi, akamwambia, "Soksi za kulalia." Mkono ukaingia, ukatoka nazo.

"Tochi." Ikatoka.

"Sweta."

Mtoto akafumbua macho, akavuta shingo ya sweta alilolivaa, akamwonyesha.