Kifungo cha Mkanda Hakikai Ubavuni

Mliokuwa ukumbini Jumamosi mliona wenyewe. Bendi ilikuwa imemaliza kuimba, mpiga solo akasogea mbele kuingia kwenye sebene, akainama kidogo kukanyaga pedali, na gitaa likamponyoka. Shingo ilishuka ikagonga monita, boksi likabaki likining'inia kwa kifungo cha nyuma na waya wa jeki. Watu walicheka. Mimi nilimhurumia kijana, kwa sababu hakuwa na kosa lolote. Kosa lilifanyika mezani kwa fundi, siku drili ilipogusa ubavu wa gitaa kavu.

Nilikwenda nyuma ya jukwaa nikaomba nilishike. Tundu liko upande wa juu, kwenye bega la boksi, kama upana wa vidole vinne kutoka shingoni. Skrubu ilikuwa bado imeng'ang'ania mkanda. Kwenye hesi zake za karibu na kichwa kulikuwa na kipande chembamba cha plaiwudi kilichong'oka nayo, na ufa umefuata mkondo wa mbao hadi ukingoni. Hesi zilizobaki, mpaka kwenye ncha, zilikuwa safi na zinang'aa. Hazikuwahi kushika chochote. Muda wote huo zilikuwa hewani ndani ya boksi.

Ubavu wa gitaa kavu ni mbao ya milimita 2 hivi, wakati mwingine 3. Hata ukichukua skrubu ya milimita 25, ukaikaza kwa nguvu zako zote, kitakachoshikwa ni hesi mbili tatu tu. Ni sawa na kupigilia bawaba ya mlango kwenye kadibodi. Tena ubavu haukutengenezwa kubeba, umetengenezwa kutikisika ili sauti itoke. Mpiga solo akicheza, mkanda unavuta, unalegea, unavuta tena, na kila mvuto unakula mbao kidogo. Swali lilikuwa ni lini tu, na bahati mbaya jibu likaja kwenye sebene.

Nilimtafuta fundi. Hakuficha. "Mzee, nimeiweka hapo juu ndio gitaa ibalansi. Ile ya chini shingo ingekuwa inashuka." Kwa hiyo alifikiria, na nampa heshima hiyo. Lakini alichofikiria amekitoa kwenye gitaa la umeme, akakihamishia mahali ambapo hakina miguu.

Ni kweli Fender walilitatua tatizo hilo kwa kusogeza kifungo mbele. Besi yao ya Precision ya 1951 ilikuja na pembe mbili, na Stratocaster ya 1954 ikaifuata: pembe ya juu imenyooshwa hadi karibu na freti ya 12, kifungo kimekaa kwenye ncha, na gitaa linatulia tumboni bila mkono kulishikilia. Gibson SG ya 1961, ambayo kifungo chake kiko kwenye kisigino nyuma, kila aliyeipiga anajua jinsi kichwa kinavyotaka kwenda sakafuni. Mpaka hapo fundi yuko sahihi. Ila pembe ya Stratocaster ni mbao tupu, nene, imeshiba. Ukizamisha skrubu mle, yote inashika. Bega la gitaa kavu ni ngozi tu, ndani ni upepo. Kuiga mahali bila kuiga mbao iliyoko mahali pale ndio ufundi wa siku hizi, na nimeshaulalamikia kwenye mambo mengine mengi.

Isitoshe, gitaa kavu halihitaji dawa hiyo. Boksi lake ni pana, na mkono wa kulia unalala juu yake. Shingo haishuki kiasi cha kutisha mtu.

Mahali pa kifungo ni kisiginoni, pale shingo inapoingia kwenye boksi. Fikiria kazi ya sehemu ile. Nyuzi 6 za chuma za saizi nyepesi zikikazwa sauti sawa, zinavuta kwa jumla kilo 70 na zaidi. Kisigino, pamoja na gogo lililo nyuma yake ndani ya boksi, ndicho kinachozuia mvuto huo usiku na mchana. Gitaa lenyewe lina kilo 2 hivi. Anayeogopa kutoboa kisigino halafu akatoboa ubavu amezigeuza hesabu juu chini.

Sasa, upande gani? Mimi nasema upande wa chini, wa nyuzi nyembamba. Mkanda ukipita nyuma ya kisigino na kushika upande ule, gitaa linaegemea kifua. Ukiweka kifungo mgongoni mwa kisigino, uso wa gitaa unainama mbele na mpigaji anahangaika kuona freti zake. Kabla ya kutoboa, chungulia ndani kwa kioo kidogo na tochi uone shingo imeshikwaje. Kama ni ya bolti, ikwepe bolti. Biti iwe na unene wa kiini cha skrubu, si wa hesi, na funga utepe kwenye biti kuonyesha kina cha kuishia. Paka hesi nta ya mshumaa. Weka washa laini chini ya kifungo, kisha kaza kwa mkono. Drili imeshamaliza kazi yake.

Suala la mkanda ufungwe wapi, wenye bunduki walilijua zamani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, lakini ukibahatika kuona bunduki nzito ya enzi zile, angalia pete ya mbele ya mkanda. Mara nyingi imefungwa kwenye mtutu wenyewe, mbele ya mbao, ili bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo isichane vidole vya aliyeishika. Ya nyuma imezama kwenye kitako, penye mbao nene. Aliyeipanga alijiuliza nguvu inatoka wapi na inakwenda wapi, kisha ndipo akashika keekee.

Na wazee wetu? George Mukabi wa Kisa, aliyeuawa 1963, na kabla yake Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi "Masanga" 1952, waliujenga muziki wa vidole ambao mara nyingi ulipigwa mtu akiwa ameketi, na pembeni mwenzake anakwaruza chupa ya Fanta. Paja lilikuwa mkanda tosha. Fundi Konde, mmoja wa Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme, alitoka kwenye zama za magitaa makubwa ya boksi, na kwa gitaa la namna hiyo mahali pa kifungo ni kisiginoni. Asiyetaka kutoboa kabisa alifunga kamba kichwani, chini ya nyuzi, nyuma ya nati. Kamba ile inabana mkono wa kushoto kidogo kwenye kodi za mwanzo, lakini haijavunja gitaa la mtu. Siku hizi tuna wan-man gitaa na mashine ya ngoma, mtu ameketi usiku kucha kwenye stuli ndefu, halafu tunashangaa mafundi wamesahau mkanda unafungwaje.

Haki itendeke kwa fundi wetu: nati aliikata vizuri, pikapu inasikika, na kifungo cha nyuma kimeingia kwenye gogo la mkiani pasipo wasiwasi.

Kwa mwenye gitaa: usikubali tundu lijazwe supaglu na unga wa mbao halafu skrubu irudishwe palepale. Itatoka tena, safari hii na kipande kikubwa zaidi. Ufa ufungwe kwa gundi ya mbao, na ndani kibandikwe kiraka cha mbao nyembamba kinachokatiza mkondo wa ubavu, kipitishwe kwenye tundu la sauti na kubanwa hadi kesho yake. Tundu lenyewe lizibwe kwa kijiti, lipigwe msasa na vanishi. Kifungo kiende kisiginoni. Na tundu la mkanda limeshalegea, kwa hiyo kata pete ya tyubu ya baiskeli, uivishe kifungoni juu ya mkanda. Hiyo haihitaji fundi.