Neno moja katika hati ya Malkia

Ni rahisi kukisoma kitabu cha Malkia Liliʻuokalani, Hawaii's Story by Hawaii's Queen (1898), kama kilio cha aliyenyang'anywa kiti. Mimi nakisoma kama somo la lugha.

Waliompindua Januari 17, 1893 walijiita Kamati ya Usalama. Usalama wa nani jamani, ilhali askari wa manowari ya Boston walikuwa wameshatua Honolulu jana yake? Malkia hakulimeza jina hilo. Hati yake ya kung'atuka yasema alizipisha nguvu za Marekani, wala si serikali ya muda. Hiyo tofauti si mchezo: ndiyo iliyomwezesha kuidai Washington haki yake. Bunge la Marekani liliomba radhi mwaka wa 1993, miaka 100 baadaye.

Wapo watakaouliza mbona aliandika kwa Kiingereza. Nami nauliza: hakimu angemwelewa kwa lugha gani? Ila kufikia 1896, watawala wapya walikuwa wameshakifanya Kiingereza lugha ya kufundishia shuleni. Taji lilitwaliwa kwa siku moja. Lugha ikaendelea kutwaliwa darasani, mtoto kwa mtoto.