Nafsi ya Kwanza katika Wimbo wa Shukrani

Walimu wenzangu, ushairi wa shukrani ni mgumu kuhakikiwa kuliko ushairi wa malalamiko. Mwenye kushukuru hukabiliwa na hatari mbili: kusifu kwa maneno matupu, au kujisifu mwenyewe kwa kisingizio cha kumsifu Mungu. Katika makala haya nakusudia kuutazama wimbo mmoja wa kale ulioziepuka hatari hizo, nao ni ule ulioimbwa na Waisraeli baada ya kuvuka bahari, katika mlango wa 15 wa kitabu cha Kutoka. Nitaufuata katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumeizoea, na nitashika uzi mmoja tu wa sarufi: kiambishi cha nafsi ya kwanza.

Mlango wa 14 umekwisha kutusimulia kisa chenyewe kwa nathari: usiku, upepo wa mashariki, magari ya Farao. Mlango wa 15 warudia kisa kile kile, lakini msemaji amebadilika. Neno la kwanza la wimbo ni “nitamwimbia”. Taifa zima limeokoka, bali aimbaye anena kama mtu mmoja, kwani hakuna awezaye kushukuru kwa niaba ya mwenzake. Hata hivyo, baada ya aya ya pili nafsi hiyo yajitenga kando. Vitendo vikuu vyote vyawa vya Mungu. Musa mwenyewe, aliyeunyosha mkono juu ya bahari, hatajwi ndani ya wimbo hata mara moja.

Ghafla, katika aya ya tisa, kiambishi “ni-” chatokea tena, na mara hii kimo kinywani mwa adui. Atafuatia, atapata, atagawanya nyara. Vitenzi vyafuatana pasipo kiunganishi, mbio mbio kama farasi wake. Aya inayofuata yamjibu kwa pumzi moja tu ya Mungu, na adui azama kama risasi. (Hapa mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba risasi ni ile madini nzito, si ile ya bunduki, la sivyo tashbihi itapotea.) Basi tazameni ustadi ulioje: kiambishi ni kile kile, na wakati ni ule ule ujao. Mmoja akitumia kuahidi sifa, mwingine akitumia kuahidi unyang’anyi.

Mwisho waja Miriamu, nabii, ambaye ndipo kwanza atajwa kwa jina lake. Ashika tari, na wanawake wamfuata kwa matari na kucheza. Maneno yake yakaribia kuwa yale yale ya mwanzo, ila “nitamwimbia” sasa imekuwa “mwimbieni”. Ile “ni” iliyotangulia kwa maana ya mimi imefuatwa na “-ni” ya tamati, kwa maana ya ninyi nyote. Mlingano huo wa sauti ni bahati ya Kiswahili, haumo katika Kiebrania. Lakini maana yake imo. Shukrani iliyoanza kwa mtu mmoja haitimii mpaka iwe mwaliko. Yeyote aliyepata kusimama katika ngoma, kiongozi akitoa na wenzake wakiitikia, atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Hata hivyo, mhakiki mwaminifu hawezi kupita bila kuuliza: je, ni halali kuimba ilhali watu wamezama? Wimbo huu wawafananisha na jiwe, na mabua, na risasi, hauwalilii. Wayahudi wenyewe walilitambua jambo hili. Katika Talmud mna masimulizi kwamba malaika walipotaka kuimba, Mungu aliwakataza, kwa kuwa viumbe vyake vilikuwa vikizama. Sisi tunaofundisha katika nchi za Maziwa Makuu, ambako watu wengi wamevuka mito na mipaka kwa kukimbia kifo, hatuwezi kulichukulia swali hilo kwa wepesi. Nionavyo mimi, wimbo waweza kutumiwa vibaya, lakini wenyewe umejiwekea mpaka. Upanga umetajwa ndani yake mara moja tu, nao ni upanga wa adui. Waimbaji hawakuua mtu, walivuka tu. Atakayeuimba huku akijivunia upanga wake mwenyewe, huyo ameiacha sauti ya aliyeokolewa na kuishika ile ya aya ya tisa.

Yafaa pia tusome mlango huo hadi mwisho. Baada ya siku tatu jangwani bila maji, walifika Mara, wakayakuta maji ni machungu, na vinywa vile vile vilivyoimba vikanung’unika. Wengine husema kwamba jambo hili lautia wimbo doa. Mimi naona laonyesha haja yake. Shukrani haidumu moyoni. Hukauka upesi kuliko nguo iliyoloa. Ndiyo maana ilipewa mapigo na kiitikio, ili ibaki kinywani siku ambayo moyo umesahau.

Basi tukiufundisha wimbo huu, tusitosheke na kuhesabu tashbihi. Mwanafunzi mmoja asimame aanze peke yake, kisha darasa zima liitikie. Baada ya hapo tuwaulize: ni nani aliyesema “mimi”, na alikusudia nini?