Kumtafuta Abu al-Mawahib: Ufundi wa Kusoma Ushahidi wa Kilwa

Al-Hasan bin Sulaiman alitawala Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14. Hakuna wasia wake unaojulikana, wala hati ya shamba, wala barua. Hata hivyo, miongoni mwa watu wa pwani wa zama hizo, ni wachache wanaojulikana kama yeye. Kujulikana huko ni tunda la ufundi wa kukusanya ushahidi uliotawanyika, kumhoji kila shahidi peke yake, kisha kupima wanapokubaliana.

Penye maandishi mengi ya kisheria kazi hii huwa na njia iliyonyooka. Huko Scotland, mwenye ardhi wa karne ya 13 hufuatwa hati kwa hati: aliyempa shamba, waliosimama kuwa mashahidi, na kama jina lake limo katika orodha ya walioapa utii kwa Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1296. Kilwa ya wakati huo haikuacha rundo kama hilo. Mashahidi wake wakuu ni wanne: msafiri, kitabu cha tarehe, sarafu na jiwe.

Msafiri ni Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Anamtaja Sultani Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba Ijumaa moja, baada ya sala, fakiri kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Mwanawe alizikomboa kwa watumwa 10, na Sultani akaongeza wengine 10 pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Lakini msafiri huyohuyo anasema majengo ya Kilwa ni ya miti, ilhali kuta za mawe za msikiti mkuu zimesimama hadi leo. Safari zake ziliandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye, kutokana na kumbukumbu. Msomaji mwenye ustadi hamtupi shahidi kwa kosa moja, wala hamwamini kwa kila neno. Hupokea habari za mtu aliyekutana naye, na habari za majengo huzipima kwa majengo yenyewe.

Shahidi wa pili ni tarehe (yaani historia) ya watawala wa Kilwa, iliyotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala yake inayojulikana, iliyonakiliwa mwaka 1877, iko katika maktaba ya taifa ya Uingereza, London. Mreno João de Barros naye alichapa muhtasari wa tarehe ya Kilwa mwaka 1552, na orodha hizo mbili za wafalme hazilingani kila mahali. Tarehe ya Kiarabu inasema kwamba al-Hasan alikwenda kuhiji akiwa kijana, akakaa Aden miaka miwili akisoma, na nduguye Daud akamshikia kiti hadi aliporudi. Inampa lakabu ileile ya Abu al-Mawahib, na inasema kwamba baada yake alitawala Daud. Ibn Battuta naye anamtaja Daud kuwa ndiye aliyerithi. Vitabu viwili vilivyoandikwa mbali kwa mbali vinapokutana kwenye lakabu na kwenye mrithi, mtafiti amepata msingi imara.

Sarafu haisimulii kisa, ila haisahau. Sarafu yake ya shaba ina jina lake na la baba yake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola mwenye fadhila; maneno ya pande hizo mbili yana kina kimoja. Mwaka haukuandikwa. Kwa hiyo sarafu inathibitisha jina na mamlaka, lakini haithibitishi mwaka. Moja imepatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe, bara kabisa. Hiyo ni dalili ya njia ya biashara kati ya bara na pwani. Si dalili kwamba Sultani alifika huko, na mtafiti mwaminifu huishia hapo.

Jiwe linatoka Husuni Kubwa, jumba la Kilwa lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Mwanaakiolojia Neville Chittick alilichimbua katika miaka ya 1960, akapata vipande vya mawe yaliyonakshiwa maandishi, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman na cheo cha al-Malik al-Mansur. Hapo ndipo jumba, sarafu na kitabu vilipounganishwa na mtu mmoja.

Ufundi huu una wajibu mwingine: kuona nani hakuandikwa. Watumwa 20 waliotolewa kwa fakiri hawana majina. Kilwa ilipokuja kuacha mkataba kamili, mwaka 1776, kati ya Sultani Hasan bin Ibrahim na Mfaransa Morice, ulihusu watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja. Majina ya wenye mkataba yamo. Ya waliouzwa hayamo. Anayesoma hati kwa haki hutaja pengo hilo, maana nalo ni sehemu ya ushahidi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Karatasi hazina ulinzi huo. Kwa hiyo familia ya Kilwa Kivinje, Lindi au Mikindani yenye hati ya zamani ya mauzo ya shamba, mirathi au ndoa, hata kama hakuna nyumbani anayeweza kuisoma, na iihifadhi mahali pakavu, na imwite mtu wa makavazi aipige picha kabla ya mchwa kuifikia.