Shindano Si Makelele

Vijana wetu wakipanda jukwaani hushika maiki kana kwamba wataila. Mwimbaji anapayuka, ala zinapayuka, neno halisikiki. Akishindwa, eti jaji kapendelea! Jamani, tukumbuke mipasho ya Dar es Salaam miaka ya 1990: Khadija Kopa wa TOT, Nasma Khamis wa Muungano. Ule ulikuwa ushindani hasa, lakini kila neno lilifika. Aliyeguswa aliinuka mwenyewe kwenda kutunza. Basi kijana, kabla ya shindano mwimbie mtu mmoja bila ala, kisha muulize umesema nini. Akibabaika, rudi mazoezini. Na usiazime sauti ya mtu. Ukimwiga Kopa, tutamkumbuka Kopa. Wewe je, nani atakukumbuka?